Mama Mkwe Mlangoni, Treni Inaondoka

Katubuka, Kigoma
Jumamosi, 1 Julai 2023

Mpendwa mdogo wangu Jovita,

Basi pale simu ilipokatika nilikuwa nimefika mahali mama mkwe wa Calixte anaingia behewani na mabegi yake. Wala haikukatika, ilitumbukia. Nilikuwa nachambua dagaa huku nimeibana kwa bega, nikacheka, ikaingia kwenye ndoo ya maji. Fundi kaifungua, kasema niifukie kwenye mchele, mpaka leo haisemi. Mchele wenyewe nimeshaupika.

Ngoja lakini, hata salamu sijakupa, nimeanza maneno kama mtu aliyefukuzwa. Hujambo mdogo wangu? Shemeji hajambo? Kile kifua chake cha usiku kimetulia? Na yule wa mwisho, nasikia anasimama, hebu mwache asimame, usimbebebebe. Masasi na vumbi lake mnaishije? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Mguu wangu unauma jioni tu, nikisimama sana kwenye meza ya dagaa pale Kasingirima. Erick wangu yuko Kasulu, kaoa, wewe ulisikia? Kaoa mrefu! Ziwa limejaa tena, kule Kibirizi limekula njia, watu wanapita kwa mbavu.

Barua hii anaibeba Mwalimu Eliakimu, yule wa shule ya hapa jirani, kwao ni huko huko kwenu. Anaondoka kesho, kapata uhamisho. Nimemwambia asiisome, akacheka, kwa hiyo ataisoma. Mwalimu, shikamoo.

Sasa nirudi kwenye treni. Naanza nyuma kidogo maana simu yako nayo ilikuwa inakwaruza, sijui ulisikia wapi na ulikosa wapi.

Wewe uliondoka huku Ishimwe wa kaka yetu Calixte bado ananyonya. Sasa ni msichana, miguu mirefu, yuko darasa la tatu. Mkewe Gloriose alipofariki, mama yake Gloriose alimchukua mtoto siku ya kumaliza matanga akampeleka kwake Uvinza, na hakuna aliyebisha. Ungebisha nini? Mwanamume peke yake na mtoto wa kike, kutwa yuko Kibirizi na injini za mitumbwi, mpaka shuka lake linanuka petroli.

Mwaka huu Calixte akasema anamtaka mtoto wake. Mama Gloriose akajibu kwamba sawa, amchukue likizo akae naye, halafu amrudishe Uvinza mwenyewe kwa mkono wake, siku waliyoagana, mtoto akiwa mzima. Hapo ndipo yeye ataangalia kama mtoto akae kwa baba au abaki kwa bibi. Yaani mtihani kabisa, kasoro kengele.

Na Calixte unamjua. Maneno yake ya mwaka mzima mimi nayamaliza kabla sijanawa uso. Mtoto naye kafanana naye. Basi likizo wakakaa mle ndani kama wapangaji wawili waliogombania choo. Nikichungulia, huyu yuko kwenye kochi, yule kwenye mkeka, redio inaongea peke yake. Nikamwambia, kaka, mtoto huyu utamrudisha hajakusikia sauti. Akasema, "Nitasema nini?" Nikamwambia mwulize anapenda nini. Akaenda kumwuliza kweli, akarudi. "Anapenda treni."

Nyumba ya bibi yake kule Uvinza iko karibu na reli, wewe utakumbuka. Mtoto kakua anaona treni inapita tu, haijui inakotoka wala inakokwenda, na alipokuja huku walikuja kwa basi. Calixte akasema basi, siku ya kumrudisha wataifanya ya treni, watoke wawili asubuhi, waitazame njia yote mpaka Uvinza. Akapika mwenyewe! Samaki mgebuka wa kukaanga kwa mawese, ugali wa muhogo kaufunga kwenye jani, mayai. Aliunguza ugali akapika mwingine. Nia yake mtoto ale mkononi mwake, wazungumze, akifika kwa bibi awe na la kusema juu ya baba yake.

Mimi nilikuwa naenda Uvinza kuchukua chumvi ya dagaa. Na nisiwe mwongo, nilikuwa naenda kuona pia.

Asubuhi pale stesheni ya Kigoma, kabla ya kupanda, mtoto akataka kwanza aone reli inapoishia. Wakaenda wawili kule mwisho, mimi nikakaa na vikapu. Wanarudi namsikia anauliza, "Baba, sasa hapa ni mwanzo au ni mwisho?" Calixte akafikiri, akasema, "Wa Dar watakwambia mwisho. Mimi nimezaliwa hapa, kwangu mwanzo." Maneno yote hayo kwa mkupuo mmoja! Nikasema leo kuna kitu.

Tukapanda, tukakaa, daraja la tatu, viti vya kutazamana. Mtoto dirishani, Calixte katikati, mimi huku. Kiti cha mbele yetu kina kijana mmoja mtumishi wa serikali, kapachikwa huku kutoka Moshi, na pembeni yake patupu. Ndipo hapo sasa ulipoishia kusikia. Mlango unafunguliwa, linaingia begi, linaingia begi la pili, kinaingia kitenge, na ndani ya kitenge yumo Mama Gloriose mzima mzima. Kumbe alikuwa bado Ujiji kwenye kipaimara cha mjukuu mwingine, na sisi tulijua ameshaondoka kwa basi. Anaangalia tiketi, anaangalia namba. Kiti chake ni kile kitupu. Goti kwa goti na mkwe wake!

Jovita, alivyosimama kaka yako! Kichwa kikapiga chuma cha kuwekea mizigo, behewa zima likageuka. Maana wewe umekulia humu humu, unajua mkwe na mama mkwe kwetu hawakai kiti kimoja, hawali wakaonana, hawatazamani usoni, na kugusana ndo usiseme kabisa. Marehemu baba akimwona mkwe wake njiani alikuwa anaingia mihogoni mwa watu mpaka apite. Siku hizi vijana wa mjini wanakumbatia wakwe zao kwenye harusi, sawa, lakini Mama Gloriose hana mchezo huo, na Calixte ndo kabisa. Akasema shikamoo mama kwa kuitazama sakafu. Yule mama akashusha kitenge mpaka kwenye nyusi akajibu marahaba kwa kulitazama dirisha.

Treni ikang'oka. Calixte kasimama njiani kampa mama mkwe mgongo, chakula chake kiko miguuni kwangu.

"Ishimwe," bibi anasema, "mwulize baba yako kama umekunywa chai."

"Baba, bibi anauliza kama nimekunywa chai."

"Mwambie umekunywa."

"Bibi, nimekunywa."

"Mwulize na nini."

Yule kijana wa Moshi akatoa vidude vyake masikioni. "Samahani, si wote mko hapa hapa?"

"Wewe kwenu mkiona mkwe mnafanyaje?" namwuliza.

"Tunamsalimia tu, mama."

"Haya, salimia wako. Wetu tuachie."

Mama Gloriose akacheka kwa pua, lakini kitenge hakupandisha. Halafu akaniambia mimi, kwa sauti ya kumfikia anayehusika, "Mama Erick, mwambie kaka yako amenizibia upepo."

Hapo Calixte ndo akapata ruhusa. Akaondoka mbio mbio mpaka kule mwisho wa behewa, karibu na choo, kwenye kidirisha cha kusimama. Na mtoto akamfuata. Nikasema masikini, mgebuka umekufa bure, safari yote imeharibika, atasimama chooni mpaka Uvinza.

Kumbe wapi! Tumepita Luiche, hawajarudi. Wameuza watu ndizi dirishani, hawajarudi. Nikajifanya nakwenda choo. Nawakuta mtoto kasimama juu ya gunia la mtu, kichwa kwenye kidirisha, Calixte kamshika gauni kwa nyuma asianguke, na anaongea. Kaka yetu anaongea! Sijui ni kwa sababu hawatazamani, wote wanatazama nje, mimi sijui. Anamwonyesha zile njia mbili za kupishania, kwamba treni moja inaingia pembeni ikingoja nyingine, na aliyeingia pembeni hajashindwa, zamu yake bado. Mtoto anauliza, na treni ya Mpanda je? Anaambiwa Mpanda inachepukia Kaliua, mbali, kule reli inagawanyika njia mbili.

Nikaingia choo, nikatoka, nikarudi tena. Yule wa Moshi akanitazama kwa huruma, kanidhania tumbo.

Safari ya pili nimewabebea chakula chao, ndo nikakuta anamsimulia mtoto habari za marehemu mama yake. Kwamba zamani akisafiri na mzigo wa samaki, pale Uvinza kulikuwa na msichana anauza chumvi madirishani, na yeye kila akipita ananunua chumvi, kila akipita chumvi, mpaka mama mwenye nyumba wake akauliza kama anataka kujikausha. Msichana ndo Gloriose. Mtoto akacheka, Jovita, kicheko cha kutoka kwenye magoti, kikaja mpaka huku kwenye viti.

Mama Gloriose akafunua kitenge. "Nani huyo anacheka?"

"Mjukuu wako, mama."

Akasikiliza. "Kwangu hachekagi hivyo," akasema. Akageukia dirishani, tumepita Lugufu hajaongea tena hata na mimi, na unajua kukaa na mimi bila kuongea ni kazi.

Sasa tunafika Uvinza. Sikia vizuri hapa, maana hapa ndipo kulipotokea balaa. Mimi nilikuwa mbele na vikapu vyangu, nikashuka wa kwanza. Nyuma yangu Mama Gloriose na mabegi yake. Nyuma yake, mbali kidogo, Calixte kamshika mtoto mkono, kageukia ukuta kama mtu anasoma tangazo. Mlango wa upande wa pili huko mwisho ulijaa magunia ya dagaa mpaka juu, panya asingepita.

Mama Gloriose anaweka mguu ngazini, nani yuko chini? Martini katekista, mtu wa parokia yake. Na Martini kusalimia kwake ndo kazi, kuomba Mungu ni ziada. Akashika mikono yote miwili ya yule mama, huyu yuko ngazini, yule chini, wakaanza. Amahoro. Amahoro. Watu wote? Watu wote. Kipaimara kilikwendaje? Mbuzi yule kazaa? Na maharage? Yule mama mnene, Mungu ambariki, kaujaza mlango wote, na begi kila upande.

Ishimwe akasema, "Baba, pita!"

"Siwezi."

"Sukuma kidogo tu!"

"Nisukume nani, we mtoto? Ngoja."

"Bibi, sogea!" Bibi yuko kwenye maharage, hasikii.

Treni ikapiga honi. Martini akamvuta mama wa watu chini na mabegi yake, na treni tayari inakwenda. Calixte alifika ngazini, akatazama chini, akamtazama mtoto, akarudi nyuma. Angekuwa peke yake angeruka, lakini na mtoto hakutaka. Wakapita mbele yetu hivi, Calixte kashika kichwa, na Ishimwe anapunga mkono kama mke wa balozi. Amefurahi! Wakapotea kwenye kona.

Yule mama alipiga kelele mpaka wauza mayai wakakimbia. "Kaniibia mtoto! Nilijua! Kukataa kukaa kwenye kiti kumbe alikuwa na mpango! Kampeleka Tabora, kampeleka Dar, mtoto wangu simwoni tena!" Watu wakajaa. Napiga simu ya Calixte, haipatikani, kule mbele ni msitu mtupu. Mama anataka aitwe mwenyekiti, aitwe na polisi. Akaapa pale pale mbele ya watu kwamba hata mtoto akirudi leo, Calixte hatamgusa tena maisha yake, likizo zimekwisha, mtihani kaanguka.

Mimi nikaona hapa ndugu yangu anapoteza mtoto mchana kweupe. Nikaweka chumvi chini, maana nilikuwa nimeshanunua, nikasema, "Mama, nisamehe, wewe ulikuwa mlangoni."

"Nilikuwa nashuka!"

"Ulikuwa unasalimia. Mmefika mpaka kwenye maharage."

Watu wakacheka. Akanijia juu. "Kwa nini hakupita? Si angepita tu!"

"Apite wapi mama? Apite akuguse?"

Martini naye akaingilia, na huyo nilimpenda siku hiyo, akasema, "Angekugusa huyu mkwe wako, mama, ungemtangaza kuanzia hapa mpaka Kasulu. Na mimi ungeniambia nitangaze kanisani."

Akakaa juu ya begi lake. Kitenge kilimwanguka mabegani na hakukiokota, mimi ndo nikakiokota.

Tumengoja pale, tumengoja. Kuna aliyetuletea uji. Jua limeinama ndo likaja lori la mkaa, na juu ya mkaa nani? Ishimwe, uso mweusi tii, meno tu. Walishuka stesheni ya Malagarasi wakaomba lifti. Calixte akateremka upande wa pili, akabaki nyuma ya lori, haonekani, miguu tu chini ya gari.

Mtoto akaja mbio. "Bibi, tumevuka mto! Daraja la chuma, chini maji mengi! Na tumekula samaki tumekaa kwenye reli ya pembeni!"

Bibi akampangusa, akamgeuza, akamkagua kama anakagua nguo ya kununua. Halafu akauliza, taratibu, "Baba yako alitaka kukupeleka wapi?"

"Mimi ndo nilimwambia twende mpaka Kaliua nikaone reli inavyogawanyika. Nikalia na kulia. Akakataa. Kasema bibi anangoja, tutarudi hata kwa miguu."

Jovita, sitii chumvi, ingawa nilikuwa nayo nyingi. Yule mama alinyanyuka, akaenda kwake, si mbali, akarudi na sahani ya ugali na mboga. Kaibeba mwenyewe, hakumtuma mtoto. Akazunguka lori. Calixte kumwona akataka kukimbia, nikamwambia, wewe, kaa! Mama akaiweka sahani chini, akarudi hatua chache, akageuka, akakaa kwenye jiwe amempa mgongo. Akatoa chake kwenye kitenge akaanza kula. Calixte akatutazama, akageuka naye, akala. Walikula hivyo, mgongo kwa mgongo, mtoto katikati anachota huku na huku. Mimi tangu nizaliwe sijaona mama mkwe anafanya vile, wala Martini hajaona, na Martini kila siku yuko kwenye ndoa za watu.

Alipomaliza akasema, kwa kuyaambia magunia ya mkaa, "Mtoto abaki kwanza, mimi nifikiri. Nikiona aende kwa baba yake, nitamleta mwenyewe kabla shule haijafunguliwa. Nisipomleta, mtu asije kumwulizia."

Tukarudi na Calixte usiku, kwenye lori hilo hilo.

Tangu siku hiyo ungemwona ungecheka. Kapaka rangi kile chumba cha pembeni, rangi ya mitumbwi, bluu ya kuumiza macho. Katengeneza kitanda. Kila basi la Uvinza likipita barabarani, anatoka nje kujifanya anatema mate. Mate yamemkauka. Shule ni Jumatatu, leo Jumamosi, na mabasi ya asubuhi yamepita yote. Nimemwambia asikae njaa, nimemwita hapa kwangu, yuko uani anakula mimi naandika. Ugali haushuki, naona. Nilikuwa nataka nikwambie na habari za wapangaji wapya wa nyumba ya kona, wale, mke na mume wanafua usiku, sasa mtu anafua usiku ana nini, mimi

Ngoja Jovita. Yunisi wa nyumba ya pili ananiita huko nje kama nyumba inaungua. "Mama Erick! Toka! Kuna bibi kasimama barabarani na mtoto, anasema hawezi kuingia kwa kaka yako, anakutaka wewe!"

Nimechungulia. Ni wao. Mtoto kabeba godoro kichwani.

Calixte kaacha sahani, kakimbilia nyuma ya choo, ananipungia mkono nimkaribishe mama, haraka, haraka. Mwalimu Eliakimu naye anaitaka barua. Msalimie shemeji, msalimie mama mkwe wako, ukimsalimia kaa mbali, wabusu watoto. Mungu awafunike huko mliko, msikose kula wala kucheka. Mimi ni yuleyule wako wa siku zote, anakupenda,

dada yako Leonia.

Nakwenda kupokea godoro.